Vitz au Corolla: bei ya Japani siyo bei ya Lubumbashi

Kwenye simu, Vitz ya mwaka 2007 inatangazwa kwa bei ambayo ukiiweka kando ya Corolla Axio ya mwaka huohuo, unaona kama jibu limeshapatikana: chukua ndogo, akiba ibaki mfukoni. Kisha magari yote mawili yanavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Congo, yanapata plaki, yanabadilishwa matairi, na ile tofauti kubwa inabaki kipande. Kuna wakati inageuka kabisa, na aliyenunua ndogo anakuta ametoa zaidi kabla mwaka haujaisha.

Ndogo tunazozungumzia ni Vitz, IST, Passo, Honda Fit, Nissan March na Mazda Demio. Za kati ni Corolla kwa majina yake yote (ile ya shasi NZE121, Axio, Fielder, RunX), Allion na Premio, pamoja na Nissan Tiida. Noah, Harrier na wenzao ni bajeti nyingine, hawamo hapa.

Njia ndefu, gharama zisizojali ukubwa

Bei ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya gari likiwa bado bandarini Japani. Juu yake inakuja meli, na meli za magari hutoza kwa mita za ujazo. Chukua urefu, upana na kimo, uzidishe. Vitz ya kizazi cha pili ni 3.75 × 1.695 × 1.52, yaani mita za ujazo 9.7. IST ya kwanza inagusa 10. Axio ni 4.41 × 1.695 × 1.46, inatoa 10.9. Barabarani Corolla inaonekana kubwa kuliko Vitz kwa mbali, lakini ndani ya meli imeizidi kwa mita moja na robo tu, kwa sababu ni ndefu huku mgongo wake uko chini.

Kutoka Dar es Salaam gari linapanda mpaka Tunduma, linaingia Zambia kwa Nakonde, linateremka Kapiri Mposhi, linapinda Copperbelt hadi Kasumbalesa, kisha kilomita 90 hivi za mwisho hadi Lubumbashi. Safari nzima ni karibu kilomita 2000. Dereva wa kulileta hakupunguzii ujira kwa sababu gari ni dogo. Wakala wa bandarini naye ana faili moja la kufungua, liwe la Vitz au la Corolla. Zambia inatoza kodi ya hewa chafu kwa ngazi za ukubwa wa motere, na ngazi ya chini inaishia cc 1500. Motere ya Corolla ya 1.5 ina cc 1496, kwa hiyo inakaa ngazi moja na Vitz ya 1.0. Allion ya 1.8 imeruka ngazi.

Upande wetu, cheti cha ukaguzi kabla ya kupakia cha kampuni ya BIVAC na FERI (karatasi ya mzigo ya OGEFREM, ofisi ya serikali) havijali ukubwa wa gari. Visipokuwepo gari linapofika mpakani, unalipia faini na siku za kulala. DGDA, yaani duane, inahesabu ushuru juu ya thamani pamoja na nauli, halafu TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% inapigwa juu ya jumla ikiwa na ushuru ndani yake. Hapa ndipo pekee gari la bei kubwa linapoadhibiwa kweli. Na thamani wanayoitumia duane siyo lazima iwe ile ya risiti yako. Wakiona risiti ni ndogo mno wanaweka ya kwao. Kabla ya kutuma hata dola moja, mwulize deklara (wakala wa forodha) kanuni ya leo kuhusu umri wa magari ya okazioni (yaliyokwisha kutumika) na kuhusu volani ya kuume. Umwulize kwa namba ya shasi na mwaka wa kutengenezwa. Jina la gari peke yake halimsaidii.

Tuweke namba za mfano, siyo bei za soko. Vitz dola 1500 Japani, Axio dola 2300. Tofauti ni 800, zaidi ya nusu ya bei ya Vitz. Tuseme gharama zisizojali ukubwa (wakala, dereva, vyeti, plaki, karti roze yaani kadi ya gari) ni 2000 kwa kila gari, na meli pamoja na ushuru ni 1600 kwa Vitz na 2100 kwa Axio. Vitz imefika 5100, Axio 6400. Tofauti imekuwa 1300 kwa dola, lakini kwa uwiano imeshuka kutoka zaidi ya nusu hadi robo. Swali la bajeti limebadilika: tofauti siyo tena nusu ya bei, unaamua kama robo ya juu inakupa kitu. Rudia hesabu hiyo kwa namba halisi alizokupa deklara, na usiianze kabla hujazipata zote.

Kwa gari ambalo tayari liko mjini, hesabu hii imeshafanywa na muuzaji. Ndiyo maana pale parkini Vitz safi na Corolla NZE121 iliyochoka kidogo zinaweza kuulizwa bei moja.

Motere moja, mabodi mengi

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni hili: IST, Corolla NZE121, Axio, Spacio, Fielder, Allion, Probox, Ractis, Raum na bB ya kwanza, zikiwa za 1.5, zote zina motere moja, 1NZ-FE. Bujii zile zile nne, filta ya oili ile ile, lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta, na cheni badala ya mkanda wa kubadilisha kila kilomita 100 000. Kwa hiyo anayekuambia IST ni rahisi kutengeneza kuliko Corolla kwa sababu ni ndogo, mwombe akuoneshe ni kipuri gani cha motere kinachotofautiana.

Soma namba ya shasi kabla ya kusoma jina la nyuma ya buti. Herufi ya kwanza inataja familia ya motere. NCP60 ni IST yenye 2NZ ya 1.3, NCP61 ni ile yenye 1NZ. KSP90 ni Vitz ya silinda tatu, 1KR-FE ya cc 996. SCP90 ni Vitz ya 1.3, silinda nne. Mtu amelipa bei ya 1.3 akapewa silinda tatu, na akagundua siku alipopakia watu watano.

Silinda tatu siyo kasoro. Ikiwa imesimama taa nyekundu inatetemeka kidogo, ndiyo tabia yake. Kasoro ni kuipa kazi ya Noah.

Bwati (giaboksi) ndiyo inayotenganisha gari la bei nafuu na gari la gharama. NZE121 na Vitz nyingi za kwanza zina otomatiki ya kawaida ya vitesi 4, inatumia mafuta ya T-IV, na mafundi wengi wa komini za Kenya na Kamalondo wanaifahamu. Axio ya 1.5 na Vitz nyingi za 1.3 za kizazi cha pili zina CVT. Ndani yake hakuna gia za kuhesabu: ni mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na unaishi kwa msuguano wa mafuta yake tu. Ukiiwekea T-IV au mafuta mekundu ya otomatiki kwa sababu ndiyo yaliyokuwa dukani, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na kinachofuata ni bwati nyingine ya okazioni. Vuta kijiti cha kupimia: kimeandikwa aina ya mafuta. Kama hakina maandishi au hakipo, usikisie.

Honda Fit ya kwanza (GD1, motere ya 1.3) ndiyo mfano mzuri wa gari rahisi kununua na ghali kulea. Inanywa kidogo, viti vya nyuma vinakunjwa mpaka ubebe friji, na kwa sababu tangi liko chini ya viti vya mbele, buti ni kubwa kuliko ya ndogo nyingine zote. Lakini motere yake ina bujii 8, mbili kwa kila silinda, na koili 8. Fundi asiyejua anabadilisha nne za mbele, anafunga kapo, na gari linaendelea kukohoa. Bwati yake ni CVT yenye mafuta yake ya Honda. Ikishaanza kutikisika unapoondoka polepole, mafuta yamechakaa au klachi ya kuondokea imeanza kuisha. Ukimwaga yale ya zamani mara mbili kwa mafuta sahihi, wakati mwingine inatulia. Kama haitulii, shusha bei au ondoka.

Allion na Premio za 2.0 za miaka ile ya 2001 hadi 2007 mara nyingi zina D-4, sindano inayopuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda. Bei yake huwa nzuri kwa sababu wanaoifahamu wanaikimbia. Esansi ya vibidoni ya kando ya njia ina maji na vumbi. Pampu ya presha ya juu haivumilii vyote viwili. Motere ya 1.8 ya miaka hiyo, 1ZZ-FE, ina ugonjwa wa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Ukipenda Allion, tafuta ya 1.5.

Volani

Congo tunapita kuume, Zambia na Tanzania wanapita kushoto, na magari ya Japani yanakuja na volani ya kuume. Mjini utazoea kwa wiki mbili. Kwenye njia ya Likasi, nyuma ya lori la madini, hutazoea: ili uone kama mbele ni wazi lazima utoe gari zima katikati ya njia. Abiria aliyekaa mbele ndiye anayeona, na usalama wa safari unakuwa mikononi mwa mtu anayekuambia «pita, pita».

Kuna jambo dogo zaidi ambalo karibu kila mtu analiacha. Taa za Japani zimekatwa ili mwanga upande kidogo upande wa kushoto, pale ambapo kwao ni ukingo wa njia. Kwetu kushoto ndipo anapotokea mwenzako. Hata ukiwa na taa ndogo unampofusha. Kuzishusha kwa skrubu kunapunguza adha, hakuiondoi. Ukibahatika kupata taa za modeli ya volani ya kushoto, zifunge.

Kuhamisha volani ni biashara ya kuangaliwa kwa macho makali. Kazi kamili inahitaji kremaye (kifaa kinachopindisha magurudumu) ya volani ya upande wa kushoto, dashibodi, pedali, pampu ya breki na nyaya zilizorefushwa. Kazi ya haraka ni kremaye ile ile iliyopinduliwa na shafti iliyounganishwa kwa kulehemu. Lala chini ya gari na tochi. Ukiona weldi kwenye shafti ya volani, hata iwe nzuri kama mshono wa fundi cherehani, mazungumzo yameishia hapo.

Yaris ya Ulaya ni Vitz yenye volani ya kushoto, mara nyingi ya manyueli. Corolla za Dubai nazo zina volani ya kushoto. Zote zinauzwa juu zaidi. Anayetembea Likasi na Kolwezi kila wiki, alipe hiyo nyongeza hata kama itambidi achukue gari la mwaka wa nyuma zaidi. Anayezunguka kati ya Bel-Air na katikati ya mji anaweza kuiacha.

Esansi, kwa mwenye gari na kwa teksi

Kwa mwendo wa mji, wenye kusimama na kuondoka, weka lita 7 kwa kilomita 100 kwa Vitz ya 1.0 na lita 9 kwa Corolla ya 1.5. Mfanyakazi wa kawaida anayefanya kilomita 30 kwa siku, siku 26, anafikisha kilomita 780 kwa mwezi. Vitz imekunywa lita 55, Corolla lita 70. Lita 15 kwa mwezi: zidisha na bei ya pampu ya leo, uone itachukua miaka mingapi kurudisha au kula tofauti ya bei ya kununua.

Teksi ni hesabu nyingine. Kilomita 150 kwa siku ni 3900 kwa mwezi, na tofauti inakuwa lita 78. Hapo ndogo inashinda bila ubishi, ndiyo maana IST na Vitz zimejaa kwenye laini za Katuba na Ruashi. Ila teksi inabeba wanne na dereva, na mizigo ya sokoni juu yao. Motere ya 1.0 ikibebeshwa hivyo inakanyagwa mpaka chini kutwa nzima, na ile lita 7 inakuwa 8 na nusu. IST ya 1.3 ndiyo tungeichagua kwa kazi hiyo: inatosha kubeba bila kulia, na mwili wake umekaa juu kidogo kuliko Vitz.

Asiransi na vinyete (kodi ya gari ya kila mwaka) vinafuata nguvu ya fiskali, yaani nguvu ya motere kwa hesabu ya kodi, iliyoandikwa kwenye karti roze. Magari mawili yakiangukia kundi moja, udogo haujakuletea kitu.

Mashimo nayo yana hesabu yake. Vitz ya kwanza inavaa tairi 155/80R13, Corolla NZE121 inavaa 175/70R14. Tairi ndogo ni rahisi kununua, lakini gurudumu la inchi 13 linaingia shimo lote, la 14 linakanyaga ukingo na kupita. Kwenye njia za udongo za Annexe wakati wa mvua, Novemba mpaka Machi, tofauti hiyo utaisikia kwenye rotile na silambloki. Corolla nayo, kwa urefu wake, inakwaruza tumbo kwenye matuta ambayo IST inayapita.

Kuangalia gari, kwa mpangilio

Fika asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla yako. Weka kiganja juu ya kapo. Ikiwa ya moto, wameshaipasha, na kuna kitu hawakutaka ukisikie ikiwa baridi. Cheni iliyochakaa inapiga makelele sekunde chache za kwanza tu. Moshi wa buluu nao hutoka wakati huohuo kisha unapotea. «Papa, iko safi, motere haijafunguliwa.» Sawa, lakini tazama boliti za kifuniko cha juu: rangi iliyochubuka kwenye pembe sita inasema spana imepita.

Fungua radiatere ikiwa baridi. Maji ya rangi ya kutu yanaonesha limekunywa maji ya bomba miaka mingi, na kichwa cha motere hizi ni aluminiamu, kinaliwa polepole. Uliza kama termostati imo. Mafundi wengi huitoa «ili motere isipate moto», na motere inafanya kazi baridi daima, inakula esansi zaidi, oili haipati joto la kukausha maji yake. Gari lililotolewa termostati mara nyingi liliwahi kuchemka. Tafuta sababu: feni isiyozunguka, radiatere iliyojaa udongo mwekundu, au gasketi ya kichwa. Oktoba, joto likiwa juu kabisa, ndiyo mwezi mzuri wa kujaribu gari, kama unaweza kusubiri.

Kata volani mpaka mwisho, zunguka polepole kushoto na kuume. Tak-tak-tak ni kardani. Endesha kwa 60, achia volani sekunde moja penye njia tambarare, kanyaga breki, uone kama linavuta upande. Kisha toa filta ya hewa: ikiwa imejaa vumbi jekundu mpaka upande wa ndani, motere imekuwa ikimeza mchanga, na mengine yote uliyoyaona mazuri yapunguzie alama. Namba ya kilomita usiiamini. Tazama raba ya pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva. Gari la kilomita 70 000 halina pedali iliyobaki chuma.

Ukiagiza Japani, dai karatasi ya mnada. Alama 4 na 3.5 ni magari ya kawaida yaliyotunzwa. R na RA ni yaliyopata ajali yakatengenezwa, na bei yake ya chini haikuja bure. Linapofika, hesabu kwanza vitu vilivyo rahisi kupotea njiani: redio, jeki, tairi la akiba, betri.

Mnunuzi wa Vitz na wa Corolla wote watoe kando kabla ya kununua fedha za vidanji (kubadilisha oili), mafuta sahihi ya bwati, filta zote, maji ya radiatere ya kweli, na tairi mbili kama za mbele zimeisha. Kama bajeti inaishia kwenye bei ya kununua tu, shuka gari moja chini: Corolla isiyo na fedha ya matengenezo ni mbaya kuliko Passo yenye nazo.

Na kabla dola hazijahesabiwa juu ya kapo, lifungue. Namba ya shasi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya motere. Ipanguse kwa kitambaa, isome herufi kwa herufi, na karti roze iko mkononi. Noti zako nazo zikague nyumbani: yenye mpasuko wa milimita mbili itarudishwa, na muuzaji aliyekuwa na haraka dakika tano zilizopita ataanza kukumbuka kwamba kuna mnunuzi mwingine.